Mafundo Kwenye Nyasi za Singida

Kama umewahi kuchorwa mistari ya wino shingoni na kifuani, ukaambiwa usiioshe mpaka matibabu yaishe, basi haya ninayoandika ni yako. Sitakueleza tezi ni kitu gani wala mionzi inafanyaje kazi. Hilo mwulize daktari, na akikujibu haraka haraka mwulize tena. Mimi nitakusimulia mambo ya nyumbani kwangu, kwa sababu ugonjwa nilitibiwa hospitali, lakini hofu nilikuwa naikuta nyumbani nikirudi, na hofu ndiyo nusura inimalize.

Tulikuwa tunaishi Sundbyberg, ghorofa ya tatu, mimi na mume wangu Deo na binti yetu Koku. Deo alikuja Uswidi mwishoni mwa miaka ya sitini kujifunza ufundi wa umeme, akamaliza, akapata kazi, nami nikamfuata na sanduku moja na blanketi la mama yangu. Yeye ni Mhaya wa Bukoba, mimi ni Mnyaturu wa Singida. Tulizungumza Kiswahili, maana Kihaya changu ni cha kuomba maji na Kinyaturu chake ni cha kusalimia wakwe tu. Koku alikuwa ameanza shule na alitujibu kwa Kiswidi hata tulipokuwa tunamgombeza.

Nyasi zilikuja ndani ya blanketi lile. Kwetu uwandani kuna nyasi ambazo zikikomaa hugeuka nyekundu kama kutu, na kila mbegu ina mkia mweusi uliopinda. Mkia ule ukipata unyevu hujisokota wenyewe mpaka mbegu ikajichimbia ardhini, au kwenye soksi yako kama ndiyo iliyo karibu. Siku moja natikisa blanketi nikazikuta zimejishona kwenye pindo, zimetulia humo tangu Singida. Nikazichomoa moja moja, nikaziweka kwenye kisahani jikoni, karibu na sufuria ya viazi. Mvuke ulipozifikia, zikaanza kugeuka. Polepole, kila moja upande wake, bila upepo wala mkono. Koku alikimbilia chumbani. Mimi nilicheka, lakini kisahani nikakiondoa mezani kabla hatujala.

Nilizipanda, zikagoma. Nikazimwagilia kila siku kama mtu anayelea mtoto njiti, zikazidi kugoma. Ndipo nikakumbuka kuwa baba, ambaye alikuwa mfugaji, alikuwa akisema nyasi zile hupenda mahali palipopita moto. Baridi ilipoisha nilitia mbegu nyingine kwenye chungu, nikachoma majani makavu ndani ya kopo pale kibarazani na kuufukiza udongo. Jirani wa juu alifunga dirisha lake kwa kishindo. Udongo wa dukani ulikuwa mnono mno, nikauchanganya na mchanga ule wanaomwaga njiani wakati wa barafu. Maji nikapunguza. Haukupita muda zikachomoza, nyembamba, rangi ya kijani inayoelekea samawati. Ukitaka kuzipanda, nakushauri hivyo hivyo: jua lote unaloweza kuzipatia, maji kidogo, na uzikate bila huruma. Nyasi hizi zikidekezwa hujisonga zenyewe.

Deo hakuzijali. Kwao nyasi ni za kutandika sakafuni wageni wakija. "Mke wangu analima nyasi Ulaya," aliwaambia watu kanisani, nao wakacheka, na mimi nikacheka.

Uvimbe niliuona wakati majani ya miti yanaanza kuanguka. Ulikuwa juu kidogo ya mtulinga, mgumu, hauumi. Nilikaa nao muda mrefu bila kumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, na bado nilivaa skafu. Aliyeuona ni Hadija, rafiki yangu Mganda aliyeikimbia nchi yake na kupata nyumba kule Alby. Alinivua skafu jikoni kwangu akaniambia, "Wewe, hii kitu si ya kufunika na kitambaa. Kesho tunaenda."

Daktari alisema ni saratani ya tezi, na kwamba inatibika mara nyingi. Mara nyingi. Nilirudi na neno hilo kwenye treni nikiwa nimelishika kama tiketi. Ningechomwa mionzi shingoni na kifuani mpaka karibu na Krismasi, nipumzike, kisha kuanzia Februari nichomwe tumboni mpaka barafu iyeyuke.

Kila siku ya kazi nilipanda treni mpaka mjini, halafu basi. Chumba cha kungojea kilikuwa chini ya ardhi. Viti vya kijani, taa nyeupe, magazeti ya wanawake yenye picha za keki, na sisi tulioketi tukiacha kiti kitupu kati ya mtu na mtu, kama ilivyo desturi ya Waswidi. Hakuna aliyemwuliza mwenzake chochote. Mtu akiacha kuja, kiti chake kilikaliwa na mwingine mwenye mistari mipya. Mle ndani nilikuwa nalazwa chali, muuguzi ananipanga, kisha wote wanatoka na mlango mnene unafungwa. Mashine inavuma. Huhisi kitu. Hilo ndilo linalotisha, kwamba unaunguzwa na huhisi kitu mpaka siku kadhaa baadaye. Muuguzi mmoja alikuwa na tabia ya kupasha mikono yake joto kabla ya kunigusa. Sikuwahi kumwambia jinsi nilivyokuwa namsubiri yeye na mikono yake.

Koo likaungua, nikawa namezea mate kwa mpango. Chakula kikawa na ladha ya sarafu. Nywele za kisogoni zikabaki kwenye mto, na ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama chini ya sufuria. Sauti yangu ikakauka, nikipiga simu watu wanauliza wanaongea na nani.

Na Deo hakunisindikiza. Hata siku moja. Asubuhi ananivalisha koti, ananifunga vifungo, ananiambia, "Mama Koku, nenda salama, mimi leo nimebanwa kazini." Wanaume wa Kiswidi niliwaona pale chini, wameketi na wake zao, wameshika mikoba ya kike magotini bila aibu. Wangu amebanwa. Nilimchukia kwa jambo hilo, nasema wazi.

Sasa nikwambie nilichokuwa nafanya mimi. Nilipokuwa mdogo, tukichelewa shule tulikuwa tunasimama njiani, tunachukua fungu la nyasi ndefu na kulifunga fundo. Bibi yangu ndiye aliyetufundisha. Ukifunga nyasi, alisema, unachokiogopa kinangoja. Kengele itangoja, fimbo ya mwalimu itangoja. Siku ya kwanza ya mionzi, koti nimeshavaa, nilijikuta nimesimama mbele ya chungu dirishani, nimeshika fungu la nyasi, nimelifunga. Mimi niliyepata kipaimara, ninayeimba kwaya. Sikumwambia Deo, kwa sababu Deo alisoma seminari na mambo kama hayo huyaita ushenzi kwa sauti ya upole inayouma kuliko kelele. Lakini pale chini, mlango mnene ulipofungwa, nilijiambia: kinangoja, fundo lipo.

Nikarudi, fundo limefunguka.

Nyasi zililala zimenyooka kama zilivyokuwa, ila kila jani lina kikunjo mahali fundo lilipokaa. Nikasema nimelegeza. Kesho yake nikalikaza. Nikarudi, limefunguka. Nikafunga mara mbili, nikazungushia uzi mwekundu. Nilikuta uzi umenyooshwa kando ya chungu, umelazwa sawasawa na ukingo wa dirisha. Nyumba kimya, Koku shuleni, Deo kazini. Nilikaa kwenye kiti na koti langu, bila kulivua, mpaka Koku akarudi.

Kisha nikaanza kuona na mengine. Aproni yangu ukutani, kamba zake zimefunguliwa zinaning'inia. Kamba ya pazia, ambayo siku zote ilikuwa na fundo, haina fundo. Viatu vyote mlangoni, kamba zimelegezwa mpaka tundu la mwisho, ndimi zimetoka nje. Siku moja Koku aliinama kuvaa viatu vya barafu, akaniangalia kwa hasira. "Mamma, vem har knutit upp mina skor?" Nani amenifungulia viatu. Nikamwambia ni mimi. Ningemwambia nini?

Nilifikiri ni kile nilichokuwa nakiogopa. Nilifikiri kimekataa kungoja, na kinapita nyumba nzima kikinionyesha kwamba hakuna fundo kitakaloliheshimu. Usicheke. Mtu anayechomwa kila siku na kitu asichokiona yuko tayari kuamini vitu vingi asivyoviona.

Krismasi ikapita. Nilipumzishwa, na wakati wa mapumziko hakuna kilichofunguka. Nyasi zenyewe zikakauka mpaka rangi ya kutu, kama kwetu kiangazi. Hilo halikunitisha, nilijua mashina yako hai, nikazikata nusu na kubakiza majani marefu ya pembeni ya kufunga. Februari raundi ya pili ikaanza, na Deo akatumwa na kampuni Kiruna, kaskazini kabisa, kwa wiki kadhaa. Hadija akaja kukaa nami.

Alikuwa akinisindikiza hospitali yeye. Mlango wa nyumba niliufunga mwenyewe, ufunguo mfukoni kwangu. Asubuhi ya kwanza nilifunga fundo mbele yake.

"Hiyo ni nini unafanya?" aliuliza.

Nikamweleza, yeye wa kwanza kumweleza. Hakucheka. Alisema kwao wako wazee wanaofanya hivyo wakienda safari.

Tulirudi pamoja. Yeye ndiye aliyetangulia sebuleni, na nilimwona akisimama ghafla. Fundo lilikuwa wazi. Nyasi zilikuwa zinatikisika kidogo, kidogo sana, kama zimeachiwa sasa hivi. Chini ya dirisha kuna chuma cha kupashia nyumba joto, na joto lake hupanda juu, najua. Lakini lilikuwa likipanda kila siku na sikuwahi kuona nyasi zikitikisika vile.

"Mimi sijagusa hiyo kitu," Hadija alisema, kana kwamba nimemshtaki. "Tulikuwa wote."

"Najua."

"Wewe tupa hiyo chungu."

"Nikikitupa nitafunga wapi?"

Alikaa mpaka mwisho wa juma akarudi Alby. Alisema watoto wake wanamhitaji, na ni kweli walimhitaji, lakini usiku alikuwa hapati usingizi. Niliwaachia majirani Koku mchana nikaenda peke yangu. Nilimwuliza msimamizi wa jengo kama ameingia nyumbani kwangu kutengeneza kitu. Akasema hapana, akanitazama shingo, akaongea nami polepole kama mtu anayeongea na mtoto.

Kwa hiyo sikuwahi kumshuku Deo. Elewa hapo. Alikuwa Kiruna na fundo likafunguka, basi aliporudi, na mafundo yakaendelea kufunguka, nilikuwa nimeshamwondoa kabisa katika hesabu.

Mwishoni mwa Machi nilikuwa nimechoka. Tumbo lilikataa kila kitu, nilipungua mpaka pete ikawa inaanguka. Zilibaki siku chache za matibabu, na daktari alinionya kwamba nisipomaliza itakuwa kama nimeacha mlango wazi. Alitumia maneno hayo, masikini, hakujua anaongea na nani. Asubuhi moja nilifunga fundo langu, nikapanda treni, nikafika mpaka kituo cha basi la hospitali, basi likaja, milango ikafunguka, na miguu ikakataa. Nilijiambia: kama ni cha kuja, kije nikiwa kitandani kwangu. Basi likaondoka. Nilivuka upande wa pili nikapanda treni ya kurudi. Sikulia. Nilihisi nafuu, na nakwambia wewe unayesoma, nafuu ile ndiyo hatari kuliko maumivu yote.

Nilifungua mlango wa nyumba polepole kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuufungua vingine. Viatu vyote vya mlangoni vilikuwa vimelegezwa. Na sebuleni, mbele ya dirisha, mtu alikuwa amepiga magoti.

Alikuwa Deo, na koti lake la kazini. Alikuwa ameinamia chungu, anafungua fundo kwa kucha, na midomo yake inatembea. Nilikuwa nimelikaza sana siku ile. Aliinama zaidi, akalishika kwa meno.

"Baba Koku."

Aliruka akaangusha kiti. Tulitazamana. Sijapata kuona mtu mzima ameogopa namna ile, na nadhani yeye naye aliona vilevile.

"Mbona umerudi?" alisema. "Mbona umerudi saa hizi?"

"Ni wewe."

"Mama Koku, hospitali. Kwa nini hupo hospitali?"

"Ni wewe siku zote. Unanifungulia. Nafunga ili nisife, na wewe unafungua."

Alikaa chini sakafuni. "Wewe ndiye unayefunga?"

Ndipo akanieleza. Kwao, mgonjwa akitoka kwenda kutibiwa, hakuna fundo linaloachwa ndani ya nyumba. Mama yake alikuwa akifungua kila kitu, kamba za mbuzi, mishipi, nywele za wasichana, ili pumzi ya mgonjwa isinase mahali. Na lazima afungue mtu wa damu au wa ndoa, na afungue wakati mgonjwa yuko mikononi mwa mganga, siyo kabla wala baadaye. Ndiyo maana hakuwahi kunisindikiza. Alikuwa anatoka kazini kwa ruhusa, anarudi nyumbani wakati mimi niko chini ya mashine, anafungua viatu na aproni na pazia, kisha anarudi kazini. Na kila siku anakuta fundo kwenye nyasi. Analifungua, kesho lipo tena. Akaliona limefungwa mara mbili. Akaona uzi mwekundu.

"Nilijua kuna kitu humu ndani kinachotaka kukuua," alisema. "Nafungua, kinafunga. Nilikuwa nafanya kazi mkono unatetemeka. Nilikuwa nashika nyaya za umeme, Mama Koku, na mkono unatetemeka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniona mshenzi. Mimi niliyekuwa nakucheka wewe na nyasi zako." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Na kama ungekufa, ningejua ni mimi niliyechelewa kufungua."

"Na mimi ningekufa nikijua kimenifuata mpaka ndani."

Nikakaa sakafuni kando yake. Kipindi chote kile cha baridi tulikuwa tunapigana, kila mmoja na dawa ya mwenzake, tukiitana kifo bila kujua. Nilicheka kwanza, halafu nililia, naye akanishika kichwa pale kisogoni pasipo nywele, mahali ambapo alikuwa hajathubutu kugusa.

Baadaye, tumeshakunywa chai, likanijia. Nikamwuliza, "Na Februari?"

"Februari nini?"

"Fundo lilifunguka Februari pia. Hadija ni shahidi. Tulirudi tukalikuta wazi."

Deo aliweka kikombe chini. "Februari nilikuwa Kiruna," alisema.

"Najua."

"Sikurudi hata mara moja."

"Najua, Baba Koku."

Tukageuka wote kutazama dirishani. Nyasi zilikuwa zimesimama tu, zile kavu nyekundu na chini yake ncha mpya za kijani. Nimewauliza watu wengi tangu siku ile. Mmoja aliniambia ni mvuke, nyasi kavu hujisokotoa zenyewe, na huenda ni kweli, nilishaziona mbegu zikigeuka kwenye kisahani. Mwingine aliniambia nisiulize. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza, tulikuwa wawili tusiojua, na kutojua mkiwa wawili ni kitu kingine kabisa.

Kesho yake asubuhi nilivaa koti. Sikufunga fundo, na yeye hakufungua kiatu. Alipiga simu kazini, nikamsikia akisema kwa Kiswidi chake kigumu kwamba mke wake ana saratani. Hakuwahi kuwaambia. Tulipanda treni, kisha basi, tukashuka ngazi mpaka kile chumba cha viti vya kijani. Deo alitazama watu, akatazama taa, akaketi kwenye kiti cha karibu yangu bila kuacha nafasi. Mikono hakujua aiweke wapi, nikampa mkoba wangu.

Muuguzi aliita jina langu. Tukasimama wote wawili. Muuguzi akamwambia kwa upole kwamba anaingia mgonjwa peke yake, nikamfasiria ingawa alikuwa ameelewa. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuketi.

Mlango mnene ulifungwa. Mashine ikavuma. Niliogopa kama siku zote, hakuna kilichopungua katika hofu ile, na nisingependa nikudanganye kuhusu hilo. Nilipotoka nilimkuta amesimama palepale, na mkoba wangu kifuani, watu wote wamekaa.

"Tayari?" aliuliza.

"Kwa leo," nilisema. "Tunarudi kesho."

"Tunarudi," alisema Deo.